Uzi Uliovuka Njia ya Kaniha

Siku ya tatu tangu Niyonzima akutwe barabarani shingo imefunguka, Inspekta Swabaha Sabiti alikuwa na mtuhumiwa, kisu, mashahidi kumi na mmoja, na jeraha lisilotaka kukubaliana nao.

Mtuhumiwa aliitwa Ndayisenga, dereva wa bodaboda wa Nyakanazi kama marehemu. Jumatatu walikuwa wamegombea abiria kijiweni, na Ndayisenga akatamka mbele ya kundi zima, "Iko siku nitakukata hiyo shingo." Jumatano jioni shingo ikakatwa, kwenye njia ya vumbi iendayo Kaniha, na aliyekutwa amempakata marehemu, shati limelowa damu, akawa ni yeye yule. Kiunoni alikuwa na kisu, maana siku za mnada huchinjia watu mbuzi. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, na kichwa cha Ndayisenga kilikuwa kimebakiza siku mbili. Jumatatu asubuhi angepelekwa mahakamani Biharamulo kwa kosa la mauaji, na kila mtu anajua kosa hilo mwisho wake ni nini.

"Afande Swabaha," mkuu wa kituo, Shibuda, alimwambia asubuhi hiyo ya Jumamosi, "mtu kasema atakata shingo, shingo imekatwa. Unataka nini tena? Mwenye shingo aje atoe ushahidi?"

"Nataka kujua pikipiki ilikuwa gia ya ngapi, afande."

Shibuda alimtazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa watu waliokaa gesti muda mrefu. Swabaha alikuwa na miezi minne Nyakanazi na bado hajapewa nyumba. Alilala chumba namba sita, akala kwenye vibanda vya chipsi, na watu aliokula nao leo kesho walikuwa Kahama au Kigali. Mji huo una watu wengi mno, ila wote wanapita.

Alikuwa amekwenda mahabusu mapema kumuuliza Ndayisenga swali moja tu. Ndayisenga alisimama nyuma ya nondo, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Ulipomkuta, pikipiki yake ilikuwa wapi?"

"Mbele yake, afande. Hatua kama ishirini. Imelala chini, bado inanguruma."

"Inanguruma?"

"Tairi ra nyuma linazunguka. Mimi ndiye niriizima. Gia ilikuwa ya tatu." Ndayisenga, kama wengi waliozaliwa na wazazi wa Burundi, l na r zilipokezana mdomoni mwake bila ugomvi. "Nilimtukana, ni kweri. Lakini niriposema hivyo niliwaza abiria wangu, sikuwaza damu."

Nje, kwenye benchi la saruji, mkewe Diane alikuwa amekaa na bakuli la plastiki lenye mfuniko, ugali na maharage ndani yake. Mahabusu hula anacholetewa na ndugu, na Diane alikuwa ameleta mara tatu kwa siku tangu Jumatano. Swabaha alipompita, Diane alisimama tu. Mtu anayekuombea kwa kusimama ni mzito kumpita kuliko anayelia.

Gia ya tatu, Swabaha aliwaza. Mtu hachinjwi akiwa gia ya tatu. Ukitaka kumchinja, kwanza umsimamishe.

*

Mwili ulikuwa umekwishachukuliwa kwenda kuzikwa Ngara, kwa mama yake Niyonzima. Kilichobaki ni michoro ya Suzana, tabibu wa kituo cha afya aliyeupokea, na koti la marehemu ndani ya mfuko.

"Kisu kina pa kuingilia na pa kutokea," Suzana alisema, akiweka mchoro mezani. "Anayechinja huanzia upande mmoja, kina kirefu, akimalizia upande wa pili mkono unainuka, jeraha linabaki jembamba. Hili halina kichwa wala mkia. Katikati ndipo limezama, kisha linapanda sawasawa kuelekea masikio yote mawili."

"Kwa hiyo kilichomkata hakikuwa na mkono."

"Mimi natibu, afande, siyo mpelelezi. Ila kwa macho yangu, shingo ndiyo iliyokwenda."

"Waya?"

"Niliwaza waya, wale wanyang'anyi wa kutega. Lakini waya unabana, unachubua. Hiki kilisaga, kama msumeno." Akafungua droo, akatoa kichupa cha dawa kilichooshwa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha pamba, na katika pamba chembe ndogo zilizomeremeta dirisha lilipozipata. "Nilizitoa kwenye nyama. Ni chupa, afande. Chupa iliyosagwa."

"Mbona hukuandika?"

"Niliandika. Ukurasa wa pili. Mkuu wako alichukua wa kwanza, akasema unatosha."

Swabaha akalitoa koti. Ukosi ulikuwa mgumu kwa damu iliyokauka, lakini kwa nyuma, pale damu haikufika, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi. Alilowesha kidole, akausugua. Kidole kikatoka na rangi ya waridi, ile ya harusini.

*

Konstebo Manirakiza aliendesha gari, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutopenda kimya, alieleza njia nzima jinsi wanyang'anyi wanavyofunga waya wa breki kutoka mti hadi mti. Ilikuwa nadharia nzuri. Swabaha aliipenda, akaifuata kwa dakika arobaini, wakipapasa kila mti kandokando ya njia ile. Hawakupata waya. Walichopata ni mkaratusi mmoja kushoto, na ng'ambo yake nguzo ya umeme. Na kwenye gome la mkaratusi, juu ya kichwa cha Manirakiza, mchano mwembamba mbichi ulioteremka kuzunguka mti mpaka usawa wa kifua.

"Mnyang'anyi gani anafunga waya juu huko?" Manirakiza aliuliza.

"Hakuufunga mtu. Ulikuja wenyewe, ukaangukia hapo."

"Ukitokea wapi, afande?"

Swabaha alitazama juu. Hapakuwa na kitu ila mbingu ya Januari, pana, nyeupe kidogo, na upepo uliokuwa ukitoka upande wa mji.

Chini ya barabara, mwanamke mmoja mzee alikuwa aking'oa maharage yaliyokauka, akiyafunga mafungu mafungu. Walimfahamu wote kwa jina la Nyirabahizi. Wazazi wake walitoka Rwanda kabla yeye hajaota meno. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kwa habari ya yule kijana?"

"Ndiyo, mama. Mkono umefanya nini?"

"Ah, huu ni uzi. Niliuokota Alhamisi asubuhi, umetapakaa hapo kwenye michongoma mpaka shambani kwangu. Uzi mrefu, mzuri, nikasema Mungu amenipa kamba ya maharage. Nirivyouvuta ukanikata." Akacheka bila furaha. "Uzi una meno. Nimefungia mafungu matatu, basi, mengine nafunga kwa maganda ya migomba."

Swabaha alichuchumaa kwenye fungu la karibu. Uzi ulikuwa wa waridi. Aliupitisha taratibu kwenye ukucha wa kidole gumba, na ukucha ukatoa unga. Kwenye sehemu moja uzi haukuwa wa waridi tena, ulikuwa wa kahawia, na ukahawia ule haukuwa wa udongo.

"Mama, uzi huu ulikuja na nini?"

"Na karatasi. Jumatano jioni niliiona, ikija kutoka kule Nyakanazi, inayumba kama mlevi. Nikasema hiyo ni tiara ya watoto, lakini kubwa. Ikaanguka kwenye muhogo."

"Iko wapi sasa?"

Ilikuwa jikoni kwake, imefunika chungu cha chumvi. Karatasi laini, nyekundu, ya pembe nne, na vijiti vyake viwili vya mwanzi vilivyochongwa na mtu mwenye subira. Upande mmoja ilikuwa imechanika ikazibwa kwa kipande cha gazeti kuukuu. Swabaha aliigeuza kwenye mwanga wa mlango.

Herufi za gazeti lile zilikuwa za mviringo, zinaning'inia bila mstari kichwani. Alikuwa hajui kuzisoma, lakini alizijua. Utotoni kwao Biharamulo mjini, duka la baba yake lilipakana na duka la Mhindi mmoja wa vitambaa, na kalenda ya ukutani kwa jirani huyo ilikuwa na herufi hizo hizo. Siku moja familia ile ilipakia vitu kwenye lori ikaondoka, na mlango ukapigwa ubao. Alikuwa na miaka saba. Kwa wiki nzima alikwenda kugonga ubao ule.

"Nyakanazi nzima nani anasoma hii?" akamuuliza Manirakiza.

Manirakiza hakufikiri hata kidogo. "Mzee Jenti tu, afande. Wa vipuri. Twende na pingu?"

"Twende na uzi."

*

Jina lake kamili lilikuwa Jayantilal, lakini madereva wa malori walilikata mpaka likabaki Jenti. Alikuja mwaka tisini na nne, wakati malori ya misaada yakipanda kwenda Ngara usiku na mchana na kila lori likihitaji springi. Malori yale yaliisha, yeye akabaki. Duka lake lilikuwa mkabala na kituo cha mafuta, ghorofa moja, juu paa la zege lenye tangi la maji.

Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sabini na kitu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na plasta. Alipoambiwa wanataka kuona paa hakuuliza kwa nini. Alitangulia ngazi, akawakaribisha viti vya plastiki, akaleta mkebe.

"Kashata za ufuta na sukari guru," akasema. "Sikukuu yetu ilikuwa Jumatano. Nilitengeneza za majirani."

Mkebe ulikuwa umejaa pomoni.

"Hawakuja?"

"Nilisahau kwamba majirani zangu ni madereva."

Swabaha alichukua moja, kwa sababu kukataa kungekuwa ukatili, na Manirakiza akachukua mbili, kwa sababu alikuwa Manirakiza. Kutoka pale juu mji wote ulionekana: malori yamepanga foleni, moshi wa mishikaki, na mbali, njia ya Kaniha ikipita kati ya mikaratusi. Upepo ulikuwa mgongoni mwao.

"Sikukuu ya nini, mzee?"

"Ya mavuno. Tarehe kumi na nne Januari jua linageuka, linaanza safari ya kurudi. Kwetu Nadiad, Uhindini, nilikozaliwa, siku hiyo hakuna anayekaa ndani. Mtaa mzima unapanda juu ya mapaa na tiara zake, na kila tiara inatafuta kukata nyingine. Uzi wake siyo wa kawaida. Unaitwa manja. Unachukua uzi wa kushonea, unaupaka uji mzito wa wali, rangi, na chupa iliyosagwa laini. Mimi nausagia mwenyewe, pale uani."

"Na Jumatano ulirusha?"

"Narusha kila mwaka."

"Ngapi?"

Mzee Jenti alirekebisha mkebe juu ya kiti, ingawa haukuwa umekaa vibaya. "Moja. Upepo ulikuwa mkali, uzi ukakatika. Nikashuka."

Swabaha akaweka mapajani tiara nyekundu, na juu yake kipande cha uzi wa waridi alichokikata kwenye fungu la maharage. Alionyesha kidole chake mwenyewe, kilichokuwa na alama mpya.

"Mzee, uzi huu nimejaribu kuukata kwa mkono, umenikata mimi. Haukatiki kwa upepo. Mwisho wake nimeutazama kule shambani, haukuchanika, umenyolewa. Wewe mwenyewe umesema tiara inatafuta kukata nyingine. Nani alirusha nyingine?"

"Hakuna."

"Nani, mzee?"

"Nimesema hakuna mtu."

Alilitamka neno hilo kwa mkazo, akageuza uso kuelekea barabarani. Swabaha alikijua kimya cha namna hiyo, cha mtu anayemficha mtu. Akampa ishara Manirakiza, naye akazunguka nyuma ya tangi. Hakukawia. Alirudi na vigurudumu viwili vya mbao vya kuzungushia uzi, vyenye vishikio kila upande.

"Viwili, afande. Kimoja uzi wake mweupe, bado kina tiara yake, ya njano. Kingine uzi wake wa waridi, umeishia hewani."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mzee," Swabaha alisema. "Mikono yako ni miwili, na gurudumu moja linahitaji yote miwili. Mlikuwa wawili hapa juu. Nahitaji jina la wa pili kabla ya Jumatatu."

"Kwa nini Jumatatu? Ni tiara. Polisi mna kazi gani na tiara?"

Hapo ndipo Swabaha alipoelewa kwamba mzee huyu hajui. Akainama mbele, akazungumza polepole.

"Umesikia habari za Niyonzima, wa bodaboda?"

"Nimesikia. Aliyechinjwa na mwenzake. Nilitoa rambirambi."

"Hakuchinjwa na mwenzake. Alikuwa anaendesha, gia ya tatu, kofia ngumu ameivaa mkononi badala ya kichwani, kama wanavyofanya wote. Uzi ulikuwa umevuka barabara, kutoka mkaratusi mpaka nguzo ya umeme, usawa wa shingo. Jua lilikuwa machoni mwake. Uzi ulikuwa wa waridi, mzee. Uko kwenye ukosi wa koti lake, na chupa yako iko ndani ya kichupa cha tabibu. Na mwanamume aliyemkuta, akambeba, yuko mahabusu siku ya nne leo. Ana mke. Keshokutwa anashitakiwa kwa mauaji."

Mzee Jenti alitazama vidole vyake vyenye plasta, akavifumba, akavifumbua. Lori moja lilipiga honi chini, likajibiwa na jingine. Swabaha alimwona akizeeka palepale kwenye kiti, na alisikia uchungu ambao haukuwa na nafasi kwenye fomu yoyote ya polisi.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona, madereva hawatazami mapaa. Angeweza kusema uzi wake uliangukia kwingine, akaendelea kukana mpaka Jumatatu ipite.

"Mtoeni huyo kijana," akasema hatimaye. "Mtoeni leo. Uzi ni wangu."

"Na wa pili?"

"Vyote viwili ni vyangu."

"Mzee—"

"Njoo nikuonyeshe. Utaniona mwendawazimu, lakini njoo."

Aliwapeleka nyuma ya tangi. Kwenye bomba la chuma linalopanda ukutani palikuwa na alama, rangi imeliwa na kitu kilichofungwa hapo mara nyingi. Akachukua gurudumu lenye uzi mweupe, akaliingiza pale, likakaa kama lililopimwa.

"Hapa ndipo mahali pa Hansa, mke wangu. Miaka ishirini na saba tulirusha hapa, mimi waridi, yeye mweupe, hakutaka kamwe uzi wa rangi, alisema unachafua mikono. Amefariki miaka miwili iliyopita. Tulimchoma Mwanza, kwa desturi ya dini yetu. Watoto wako Uingereza, wanapiga simu Jumapili." Aliligusa bomba. "Mwaka jana nilirusha yangu peke yake. Ilipaa, ikakaa juu. Afande, tiara isiyo na mpinzani ni karatasi tu. Nikashuka baada ya robo saa. Mwaka huu nikatengeneza na yake. Nikaipandisha kwanza, ikatulia, nikafunga gurudumu hapa. Kisha nikapandisha yangu."

Manirakiza alikuwa ameacha kutafuna.

"Ukapigana na tiara iliyofungwa bombani," Swabaha alisema.

"Sikupigana. Miaka yote ile mimi ndiye niliyemkata. Kila mwaka. Hakuwahi kunikata hata mara moja, na kila nikimkata alicheka, akaleta nyingine. Nikawaza, Hansa ameondoka bila kushinda hata siku moja. Ingenigharimu nini? Basi nikaulaza uzi wangu juu ya wake, nikauvuta, nikauvuta, mpaka wa kwake ukaukata." Akatazama juu. "Tukikata huwa tunapiga ukelele. Nikampigia. Halafu nikasimama hapa nikaitazama yangu ikienda, mpaka ikapotea juu ya mikaratusi. Nilifurahi. Sijafurahi hivyo tangu afe."

"Na uzi? Hukuufikiria uzi?"

Mzee Jenti alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa dogo sana siku zote.

"Kwetu tiara ikikatwa watoto wa mtaa mzima wanaikimbilia. Wanapigana. Kabla haijagusa chini imeshikwa, uzi umekunjwa mpaka kipande cha mwisho, maana ni mali. Hakuna anayeufikiria uzi, afande. Daima yuko mtu wa kuukimbilia." Akageukia njia ya Kaniha. "Nilisahau kwamba hapa hakuna."

*

Shibuda alisoma maelezo yale mara mbili, akaomba ukurasa wa pili wa Suzana, akausoma mara tatu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ukurasa wa kwanza. Alipiga simu wilayani, akapigiwa, akajibu "Ndiyo afande" mara nyingi, na saa kumi na moja jioni akasaini karatasi ya kumwachia Ndayisenga. Kosa la mzee lingeitwaje, hilo wangeamua wanasheria wa serikali. Kwa sasa alilala ndani.

"Hapa umeandika alikuwa peke yake," Shibuda alisema, kalamu juu ya mstari. "Tiara mbili, mtu mmoja? Huko mahakamani watacheka."

"Peke yake, afande. Liache hivyo hivyo."

Kaunta, Manirakiza alijaza daftari la mahabusu. Mzee Jenti alivua saa, mkanda na viatu, akavipanga. Aliuliza jambo moja tu, kama Niyonzima alikuwa na mtu. Swabaha akamwambia ana mama, Ngara. Akasema angependa kwenda kumwambia mwenyewe, siku atakayoruhusiwa, kwa sababu barua haifai kwa jambo kama hilo.

"Ndugu wa kuleta chakula?" Manirakiza aliuliza, kwa kuwa daftari lilikuwa na nafasi hiyo.

"Hakuna."

Manirakiza akasita, akaiacha nafasi wazi.

Ndipo Ndayisenga alipotolewa. Alipita mbele ya mzee, akasimama. Alikuwa amekwishaambiwa. Kwa muda ilionekana kama atasema yale aliyokuwa na haki ya kuyasema, lakini labda alikuwa amejifunza jambo juu ya maneno wiki ile. "Shikamoo," akasema tu, akatoka.

Nje, Diane hakupiga vigelegele. Alimshika mumewe mikono yote miwili, akaigeuza kuitazama, kisha akachukua bakuli lake kwenye benchi, wakaondoka. Swabaha aliwatazama kutoka mlangoni mpaka kwenye mti wa kona, wakizungumza, Diane akiuliza, Ndayisenga akijibu na kunyoosha mkono kuelekea kituoni. Hapo wakasimama. Diane akageuka, akarudi peke yake, kwa hatua za mtu mwenye hasira.

"Ndiye yule?" akauliza akiwa kaunta. Hakumtazama mzee.

"Ndiye," Swabaha alijibu.

"Siku tatu mume wangu amerara chini kwa sababu ya karatasi. Watoto shuleni wanaitwa watoto wa muuaji."

"Najua, dada."

"Na Niyonzima harudi."

"Harudi."

Mzee Jenti aliinuka kutoka benchi, bila viatu, akaweka viganja pamoja kifuani, akainamisha kichwa. Diane akamtazama sasa. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Anareterewa na nani?" akamuuliza Swabaha.

"Hana mtu."

Diane akaweka bakuli juu ya kaunta, karibu na daftari.

"Ni ugali na maharage, hakuna nyama, nasikia hawali. Bado ni moto." Akakaza mtandio wake. "Bakuri nitarifuata kesho nikireta ringine."

Alipokwisha kutoka, Swabaha alilivuta daftari, akachukua kalamu mkononi mwa Manirakiza, na kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi akaandika: Diane, mke wa Ndayisenga.